Kuyatunza Makaburi ya Askari na Wapagazi wa Vita Kuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama. Yachapwa hapa kwa faida ya wenzetu walio vituo vya mbali ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Yamkini wako miongoni mwenu wanaojiuliza: makaburi na makarani, wapi na wapi? Desturi ya mikutano yetu ni kuzungumza habari za mishahara, likizo, nyumba za watumishi na elimu ya watoto. Leo twaomba saa moja tu kwa ajili ya watu wasioweza kuandika barua ya kudai haki yao. Nasi twatumaini kuonyesha, kabla hatujaketi, kwamba shauri hili latuhusu makarani kuliko watu wengine wote.

Twanena habari za askari na wapagazi waliokufa katika nchi zetu katika Vita Kuu ya 1914–1918. Vita ile ilianza hapa Agosti 1914, ikaisha tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, Jemadari von Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, katika Zambia. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya, lilikuwa na watu wasiozidi 2,500 vita ilipoanza. Ilipokwisha walikuwa zaidi ya 30,000. Na nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi. Waandishi wa tarihi wakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake ulichukua watu wapatao milioni moja kwa kazi ya kubeba, wengine kwa hiari na wengi kwa kukamatwa. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ni karibu 95,000, na wengi wa wale waandishi waona kwamba hesabu hiyo ni pungufu. Wapagazi wa upande wa Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na wazee, hawakuhesabiwa sawasawa hata kidogo.

Hawakufa kwa risasi, walio wengi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi na kwa njaa. Tutazame hesabu yenyewe, maana sisi ni watu wa hesabu. Mpagazi alitwikwa mzigo wa ratli 50 au zaidi. Ikiwa mzigo huo ni chakula, naye ala ratli 2 kwa siku, basi baada ya siku 25 ameula wote, na askari aliye mbele hajapata hata punje moja. Kwa hiyo kila jeshi lilivyozidi kwenda mbali na reli, ndivyo wapagazi walivyozidi kuhitajiwa, na ndivyo posho yao ilivyopunguzwa. Unga wa mahindi waliopewa haukuwa chakula cha wote; walikuwamo waliozoea ndizi, na waliozoea mtama na uwele. Tena mara nyingi ulipikwa haraka, ukaliwa haujaiva, na matumbo yakaharibika. Mtu akianguka njiani, mzigo wake ulitwikwa mwingine, naye akazikwa pale pale kando ya njia, au hakuzikwa.

Sasa twende Taveta, katika shamba la makaburi lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro. Mji wa Taveta ulitwaliwa na Wajerumani Agosti 1914. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kupita Maktau ili wapate njia ya kuurudia. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Na usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi walipigana vikali katika vilima vya Latema na Reata. Wengi wa waliolala katika makaburi yale ya Taveta ni watu wa Afrika ya Kusini waliokufa katika mapigano hayo. Mawe yao yamepangwa kwa mistari, na majani hukatwa. Hatuwaonei wivu. Ni haki ya kila mtu aliyekufa mbali na mama yake.

Walakini katika vilima vile vile vya Latema na Reata walipigana pia askari wa Keya, wa kikosi cha tatu. Na maji, chakula na risasi za wote vilifika kwa vichwa vya wapagazi. Ukiuliza mawe ya watu hawa yako wapi, jibu kwa jumla ni kwamba hawakuwekewa.

Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa shauri lililokatwa mezani. Tume ya kutunza makaburi ya vita iliundwa kwa hati ya Mfalme wa Uingereza tarehe 21 Mei 1917, kwa juhudi za Bwana Fabian Ware. Kanuni yake ilikuwa njema: wote waliokufa waheshimiwe sawasawa, pasipo kutazama cheo, kabila wala dini, mawe ya wakubwa na wadogo yawe ya namna moja. Lakini ilipofika zamu ya Afrika, kanuni ile ilipindwa. Watawala walisema kwamba kwa Waafrika yatosha ukumbusho mmoja kwa wote. Mwaka 1923, katika mkutano uliofanywa London, Gavana Guggisberg wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, alisema kwamba mwenyeji wa kawaida wa nchi ile hangefahamu wala kuthamini jiwe la kaburi. Na hapa kwetu wakubwa walikuwa wamekwisha kusema maneno ya namna hiyo hiyo.

Neno hilo yatupasa kulijibu, hata kama waliolisema wamekufa zamani. Aende Gedi, karibu na Malindi, atakaye kujua kama watu wa nchi hizi waliyajua mawe ya makaburi. Ataona kaburi lililochorwa mwaka, nao ni sawa na mwaka 1399. Aende Kaole, karibu na Bagamoyo, ayatazame makaburi yenye nguzo. Na bara, ambako hapakuwa na desturi ya kuchora mawe, Mchagga alipanda masale mahali alipolala mzee wake, na hakuna mjukuu aliyethubutu kuyang'oa. Hatukukosa desturi ya kuwaheshimu wafu. Tulikosa mtu wa kuiulizia.

Basi miaka ya 1920 zikasimamishwa sanamu za shaba Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ile ya Dar es Salaam ilisimamishwa palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Wajerumani. Ile ya Nairobi ina sura ya mpagazi pia. Ni sanamu nzuri, lakini hakuna hata moja iliyoandikwa jina la askari mmoja wala la mpagazi mmoja. Ukumbusho mwingine waliopata wapagazi ni masoko mawili: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambayo yote mawili yamechukua jina la Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Maelfu ya watu hununua nyanya na vitenge pale kila siku, na wachache mno wajua kwamba jina wanalolitaja ni jina la marehemu.

Ndugu makarani, sasa twafika penye neno letu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiligeuza kidogo twaweza kusema, mtu bila daftari hupotea bila habari. Kwa nini mpagazi hakuandikwa? Mara nyingine aliandikwa kwa jina alilopachikwa siku ile na mtu asiyejua lugha yake. Mara nyingine aliandikwa jina moja tu, nalo ni jina la watu mia katika wilaya. Mara nyingine kijiji chake hakikutajwa, au kilitajwa kwa jina la jumbe ambaye mwakani alikuwa amekwisha ondolewa. Alipokufa, daftari la kambi halikuafikiana na daftari la hospitali, wala la hospitali na la wilaya. Matokeo yake hayakuwa kukosa jiwe tu. Mishahara ya wengi waliokufa ilibaki haijadaiwa, na fedha zile hazikuwafikia wajane wala watoto wao. Mjane alikwenda bomani na mwanawe mgongoni, akaulizwa namba ya mumewe, naye hakuijua, akarudi mikono mitupu. Mwenye kufikiri kwamba mstari mmoja wa daftari ni jambo dogo, na amkumbuke mwanamke huyo.

Tena tunao ushahidi kwamba jambo hili liliwezekana. Katika vita ya pili, tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wakafa maji. Hawana kaburi isipokuwa bahari. Walakini majina yao yamechorwa katika ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi, maana safari ile ilikuwa na orodha. Mtu aliyezama baharini amepata jina, na mtu aliyezikwa kando ya njia ya Voi hana.

Aprili 2021 Tume ile ya makaburi, ambayo tangu 1960 huitwa Tume ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa iliyokiri makosa hayo waziwazi na kuomba radhi. Na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi mbele ya Bunge. Taarifa yasema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Asia na Afrika walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo kazi ya kuyatafuta majina imeshika kasi. Januari 2025 ulifunguliwa Cape Town ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya watu weusi wa Afrika ya Kusini waliofanya kazi ya kubeba na kusafirisha katika vita ile ya kwanza. Majina yale hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalitoka katika karatasi zilizohifadhiwa na makarani.

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, yafaa tujibu mashaka ya wenzetu, maana ni mashaka ya watu wenye akili.

Wako wasemao, ile haikuwa vita yetu. Mwingereza na Mjerumani waligombana, sisi twatukuza nini? Twajibu kwamba hatutukuzi vita. Tena ni kweli haikuwa yetu, na ndiyo sababu marehemu watudai zaidi. Aliyekufa kwa kulinda shamba lake amelipwa na shamba. Aliyekamatwa usiku, akafungwa kamba, akabebeshwa mzigo wa mtu mwingine mpaka akafa, nani atamlipa, isipokuwa sisi tulio wa damu yake?

Wako wasemao, tumtukuze yupi, askari wa Keya au askari wa Mdachi? Twajibu, wote. Katika kabila moja, hata katika nyumba moja, walikuwako wa huku na wa huku. Na wengine waliotekwa upande wa Wajerumani wakaandikwa katika Keya vita haijaisha. Udongo ule ule umewapokea, nasi hatuna ruhusa ya kuwatenga.

Wako wasemao, shule hazina madawati, nanyi mwataka kufagia makaburi. Neno hili ni zito kuliko yote. Ndiyo maana hatuleti shauri la kujenga mnara wala la kukusanya fedha nyingi. Kazi tutakayoitaja yahitaji panga, kamba ya kupimia, daftari, kalamu, na Jumamosi moja kwa mwezi. Wala dawati halitapungua kwa hayo.

Basi kazi ni hizi.

Kwanza, ruhusa. Kila kituo kina kaburi au makaburi ya zamani karibu: nyuma ya misheni, kando ya boma la Kijerumani, penye kambi ya reli, au porini. Tuulize ni ya nani. Kama ni ya kijiji, twende kwa wazee na serikali ya kijiji. Kama ni ya kanisa au msikiti, kwa wakubwa wa dini. Makaburi yaliyo chini ya Tume ya Jumuiya ya Madola tusiyaguse kwa mkono. Tukiona jiwe limeanguka tuwaandikie barua, tukitaja mstari na namba.

Pili, ramani na daftari kabla ya panga. Tupime uwanja kwa kamba, tuchore kila kaburi mahali pake, tulipe namba. Katika daftari tutie namba, maneno yaliyomo katika jiwe herufi kwa herufi, hali ya jiwe, na tarehe tuliyoandika. Herufi isiyosomeka tuweke nukta, tusibahatishe. Karani anayejaza pengo kwa kudhani amemzika marehemu mara ya pili. Palipo na bonde dogo au lundo la mawe pasipo jina, pia papewe namba, maana mara nyingi ndipo mpagazi alipolala.

Tatu, majani. Yakatwe kwa mkono. Tusiyachome moto hata kama ni kiangazi na kazi ni nyingi, kwa kuwa joto hupasua mawe na kuunguza misalaba na nguzo za mti. Tusilime kwa jembe juu ya makaburi. Miti mikubwa na maua tusiing'oe kwa haraka: pengine ilipandwa kuwa alama, na mizizi iking'olewa huvuta jiwe pamoja nayo.

Nne, mawe. Yasafishwe kwa maji matupu na brashi laini. Brashi ya waya, tindikali, dawa za kung'arisha na rangi ni adui wa maandishi. Jiwe litang'aa mwaka huu, na mwaka ujao herufi zitabanduka. Wala tusizibe nyufa za jiwe la kale kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa ya wazee. Huzuia unyevu ndani, na jiwe likavunjika kando ya kiraka.

Tano, kusoma maandishi yaliyofifia. Tusichonge upya wala kukwaruza kwa chaki. Twende asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, nuru ikipita ubavuni mwa jiwe. Au tutumie kioo kuirudisha nuru. Herufi ambazo mchana hazionekani zitatokea. Hapo zipigwe picha.

Sita, mipaka. Makaburi ya shamba hayafi siku moja. Huliwa kila mwaka mtaro mmoja, jirani akisogeza mahindi yake. Ua wa minyaa waweza kutosha, pamoja na barua kwa ofisi ya ardhi ili uwanja uonyeshwe katika ramani ya kijiji.

Saba, midomo ya wazee. Asiye na jiwe huenda ana mjukuu. Tuulize katika kila nyumba: ni nani alikwenda vita ya Mjerumani asirudi? Jina lake, la baba yake, ukoo wake, kijiji, na alichukuliwa na nani. Tuandike kama tulivyoambiwa, pamoja na jina la aliyetuambia kama ameridhia. Nakala moja ibaki kijijini, na moja ipelekwe kwenye nyaraka za taifa. Waliowaona wapagazi kwa macho wamekwisha kufariki wote. Tulio nao ni waliosikia, na wao nao ni wazee.

Kuhusu kuwaheshimu, twasema machache. Siku ya kufagia na iwe pia siku ya dua. Kila dini iombe kwa taratibu yake, na wasio na dini hizi wapewe nafasi ya mila yao. Isiwe siku ya hotuba ndefu kama hii yetu. Yatosha majina yasomwe kwa sauti, moja moja, watoto wa shule wakiwapo. Na penye namba isiyo na jina isomwe namba, watu wasimame kimya.

Ndugu wanachama, twaomba mkutano huu ukubali neno moja: kila tawi la Chama lichague uwanja mmoja wa makaburi, lifungue daftari lake, na kuleta nakala katika mkutano wa mwaka ujao. Hatuombi zaidi ya hayo. Watu hawa walipotezwa na madaftari yaliyoandikwa ovyo, na kazi ya daftari ndiyo tuijuayo. Hatuwezi kumrudishia mjane mshahara wa mumewe. Jina lake twaweza kuliandika, tena kwa hati inayosomeka, mahali ambapo mjukuu wake akija ataliona.